Je, Wajua? Sindano ya Mofini kwa Maumivu Makali ya Saratani

Je, wajua kwamba mofini ni miongoni mwa dawa za mwanzo kabisa kuchomwa chini ya ngozi? Mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenga kutoka utomvu wa mmea wa afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1853 daktari Alexander Wood wa Edinburgh akaanza kuichoma kwa bomba la sindano.

Je, wajua kwamba sindano haiji kwanza? Anayeweza kumeza hupewa mofini ya maji au vidonge. Sindano ni ya anayetapika mfululizo, asiyeweza kumeza, kama wengi wenye saratani ya koo la chakula, au ambaye maumivu yake lazima yatulizwe upesi. Kwa aliyekonda, kuchoma chini ya ngozi ni afadhali kuliko kwenye msuli, maana kwenye msuli huuma zaidi.

Je, wajua kwamba miligramu 10 za sindano hufanya kazi karibu sawa na miligramu 30 za kunywa? Ndiyo maana dozi ya mdomoni haihamishiwi kwenye sindano bila hesabu mpya. Tena vichupa hutofautiana: kimoja kina miligramu 10 kwa mililita, kingine 15. Nesi makini husoma maandishi ya kichupa kwa sauti, mwenzake anahakiki, wote wawili wanasaini daftari, kisha kabati la dawa linafungwa kwa kufuli.

Je, wajua kwamba mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa usimamizi mzuri ni nadra kuwa mraibu? Mwili kuizoea dawa si uraibu. Ila asiiache ghafla. Dozi hupunguzwa taratibu.

Je, wajua kwamba kichefuchefu na usingizi mara nyingi hupungua baada ya siku chache, lakini choo kigumu hakiondoki? Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile ya kwanza.

Je, wajua dalili za hatari? Mgonjwa haamki akiitwa, anapumua polepole mno, mboni zimesinyaa kama ncha ya pini. Hapo ni kukimbilia hospitali, ambako naloksoni huzima nguvu ya mofini. Pombe na diazepamu huongeza hatari, na mwenye figo dhaifu huhitaji dozi ya tahadhari.

Je, wajua kwamba pethidini haifai kwa maumivu ya muda mrefu ya saratani? Mabaki yake hujikusanya mwilini na yanaweza kuleta degedege.

Je, wajua kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu? Jopo la jarida la Lancet lilitoa hesabu hiyo mwaka 2017. Uganda ilijibu uhaba wake mapema: tangu 2004 manesi waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, wanaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa mofini.

Na hapa Tanzania? Kutoka Mikumi, wilayani Kilosa, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 300, safari nzito kwa anayeumwa. Kwa hiyo ukirudi na mgonjwa wako Kilosa au Mikumi, omba barua inayotaja dawa, dozi na saa zake, uipeleke hospitali ya wilaya au ya Mtakatifu Kizito iliyoko Mikumi, na uulize wazi kuhusu tiba shufaa. Kutulizwa maumivu ni haki ya mgonjwa, si hisani.