Kambi ya Denmark: Zambia Yajenga Timu Upya

Usiku wa tarehe 27 Aprili, 1993, ndege ya jeshi la anga la Zambia iliyokuwa ikiwapeleka wachezaji wa timu ya taifa mjini Dakar kupambana na Senegal ilianguka baharini, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwamo walipoteza maisha, wakiwamo wachezaji 18 na mwalimu wao, Godfrey Chitalu. Siku mbili kabla ya hapo vijana hao walikuwa wameifunga Mauritius mabao 3-0. Mshambuliaji mashuhuri Kalusha Bwalya alisalimika kwa kuwa alikuwa akicheza kandanda Uholanzi, naye alitazamiwa kwenda Dakar peke yake akitokea huko.

Marehemu walizikwa Lusaka, nje ya Uwanja wa Uhuru. Lakini mashindano ya kuwania Kombe la Dunia hayakungoja matanga. Mechi zilisogezwa mbele, hazikufutwa. Ndipo Denmark ilipojitolea kuipokea timu mpya, ikafanye mazoezi kwa muda wa wiki zipatazo sita chini ya mwalimu Roald Poulsen.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini vijana waliofiwa wapelekwe ugenini. Nyumbani, kila aliyevaa jezi ya taifa alikuwa amevaa nguo ya marehemu. Kila aliyekwenda uwanjani aliyapita makaburi, na kila mtaa ulikuwa na mzee wa kumwambia fulani angeucheza vipi mpira ule. Ugenini hapakuwa na wa kuwalinganisha. Tena, wenyeji wenyewe walikuwa wanajua maana ya timu iliyoundwa kwa haraka: mwaka 1992 Denmark iliitwa siku chache tu kabla ya mashindano ya Ulaya kuanza, ikashika nafasi ya Yugoslavia, na ikatwaa kombe.

Jambo la kwanza kumtatiza mgeni katika nchi hiyo ni jua. Katikati ya mwaka Lusaka jua huzama kabla ya saa kumi na mbili za jioni, bali Denmark mwezi wa Juni huzama karibu saa nne za usiku, na saa kumi na nusu alfajiri limekwisha chomoza. Kijana aliyechoka kwa mazoezi hulazimika kufunga mapazia na kujilazimisha kulala ilhali nje kungali kweupe. Hata hivyo mwanga huo si joto. Upepo wa bahari ya kaskazini humfanya Mwafrika atafute sweta wakati wenyeji wakiota jua.

La pili ni chakula. Mzambia hajihesabu kuwa amekula mpaka apate nshima, ule ugali wa mahindi meupe unaomegwa kwa vidole na kuchovywa katika kitoweo. Meza ya Denmark ni viazi, mkate mweusi mgumu, samaki na nyama ya nguruwe. Tumbo linaweza kujaa na mtu akaondoka mezani akihisi bado ana njaa, na hili si jambo dogo kwa mtu anayetakiwa kukimbia dakika 90. Walimu wengi wa kandanda hulipuuza. Mama yeyote mwenye kulisha nyumba angewaeleza.

Lakini faida ya kambi imo katika mambo hayohayo madogo. Wengi wa vijana hao walitoka katika vilabu vya nyumbani. Kule Kitwe peke yake, Nkana na Power Dynamos ni mahasimu wa siku nyingi. Wakiwa mbali, watu wa namna hiyo hulala chumba kimoja, hufua soksi katika beseni moja, hungojea barua pamoja na kucheka kwa Kibemba au Kinyanja palipo na watu wasioelewa neno. Mlinzi hujifunza sauti ya mlinda mlango wake mezani kabla ya kuihitaji uwanjani. Timu iliyokufa ilikuwa imepata mazoea hayo kwa miaka mingi. Hii mpya ilipewa wiki.

Tarehe 4 Julai, 1993, wakiwa na Kalusha, walishuka uwanjani Lusaka kupambana na Morocco. Wageni ndio waliotangulia kufunga. Kalusha akasawazisha kwa mpira wa adhabu, na Johnson Bwalya akatia la pili. Zambia 2, Morocco 1.

Oktoba mwaka huo huko Casablanca, bao 1-0 liliwanyima safari ya kwenda Marekani. Hata hivyo Aprili 1994, kabla mwaka haujatimia tangu ajali, walikuwa Tunis katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika chini ya Ian Porterfield. Elijah Litana alifunga mapema, kisha Nigeria ikarudisha na kushinda 2-1. Baadaye Poulsen aliajiriwa kuifundisha Zambia, na mwaka 1996, Afrika Kusini, timu yake ikashika nafasi ya tatu.