Kauri za Sumaku na Kinga ya Mionzi

Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, ambamo kata ya Kibimba imo, inajulikana kwa nikeli ya Kabanga, iliyogunduliwa katika uchunguzi wa miaka ya 1970. Pamoja na nikeli hiyo mna shaba na kobalti. Mbali na hapo, Ngualla katika Mkoa wa Songwe, kuna elementi adimu za ardhi, zikiwamo neodimi na praseodimi. Elementi za makundi haya mawili hukutana katika maabara za nchi mbalimbali, ambamo wanasayansi hutafuta kinga mpya dhidi ya mionzi.

Kinga ya kawaida katika vyumba vya eksirei ni risasi. Madini hayo huzuia mionzi vizuri, lakini ni mazito na tena ni sumu. Kwa hiyo hutafutwa vitu vinavyoweza kushika nafasi yake, na kimojawapo ni kauri ya sumaku iitwayo feraiti.

Feraiti ya nikeli hupatikana kwa kuchanganya oksaidi za nikeli na za chuma, kisha kuzichoma katika tanuri. Fomula yake ni NiFe₂O₄. Katika fuwele yake, baadhi ya atomu za chuma zinaweza kuondolewa, na mahali pake pakatiwa atomu za elementi adimu, kwa mfano gadolini.

Je, badiliko hilo lina faida gani? Namba ya atomu ya chuma ni 26, ya gadolini ni 64, na ya risasi ni 82. Atomu yenye elektroni nyingi hunyonya eksirei zaidi. Aidha, kila elementi ina kiwango maalumu cha nishati ambapo unyonyaji wake hupanda ghafla. Kwa gadolini kiwango hicho ni kama kiloelektronivolti 50, na kwa risasi ni 88. Baina ya viwango hivyo viwili, gramu moja ya gadolini huzuia mionzi kuliko gramu moja ya risasi. Kwa kiloelektronivolti 60, hesabu huonyesha kwamba kutia atomu moja tu ya gadolini mahali pa kila atomu ya ishirini ya chuma huongeza unyonyaji wa kila gramu ya feraiti kwa takriban theluthi mbili.

Hata hivyo, faida hiyo ina mipaka. Mionzi ya gama ya kobalti-60 ina nishati ya kiloelektronivolti 1,173 na 1,333. Hapo jambo kubwa ni densiti. Densiti ya feraiti ya nikeli ni takriban gramu 5.4 kwa sentimita moja ya ujazo, na ya risasi ni 11.3. Hivyo feraiti huhitaji unene unaozidi mara mbili ule wa risasi, na gadolini kidogo haibadilishi sana hali hiyo. Tena, ioni ya gadolini ni kubwa kuliko ya chuma. Ikitiwa kwa wingi haienei katika fuwele, bali hujitenga na kuunda fuwele za aina nyingine.

Inafaa pia kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Usumaku wa feraiti husaidia kunyonya mawimbi ya redio na ya rada, lakini hauzuii gama wala eksirei. Vivyo hivyo, kusaga kauri hadi chembe za nanomita hakuongezi elektroni hata moja. Faida ya udogo huo ni kwamba chembe huchanganyika sawasawa ndani ya mpira au plastiki, pasibaki mianya ya kupitisha mionzi.

Kwa sababu hiyo, anayeambiwa kwamba kitu fulani "huzuia mionzi" hana budi kuuliza: mionzi ipi, ya nishati gani, na kwa unene gani? Mhudumu wa eksirei anayevaa aproni isiyopimwa huweza kujiona salama ilhali mionzi inampitia. Nchini Tanzania, usimamizi wa usalama wa mionzi ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

Jiwe la Kabanga, basi, si kinga bado. Baina ya jiwe na kinga pana kemia, fizikia na vipimo. Na masomo hayo huanzia katika darasa la sekondari.