Arudie Mtihani au Asirudie? Maswali Matatu kwa Kamati za Elimu

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, Kamati za Elimu za sharika zetu hupokea ombi linalofanana. Mzazi anafika na mtoto wake, anaomba usharika umlipie arudie mtihani, au kama vijana wanavyosema, arisiti. Kwa kuwa usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, jibu hutolewa haraka na kwa huruma. Nao wafadhili wetu hutuuliza: kwa nini mtoto mmoja agharamiwe mara mbili? Swali hilo ni la haki. Katika makala hii tunaeleza namna ya kulijibu.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka ya nyuma ofisi yetu iliidhinisha maombi haya bila kuuliza mengi. Binti mmoja alilipiwa ada ya masomo saba. Mchana alikuwa akichota maji, akipika na kulea wadogo zake. Usiku alisoma kwa kibatari, peke yake. Novemba alifanya mtihani, na matokeo yakaja yale yale. Alituambia kuwa sasa anaona aibu hata kuja ibadani. Tulidhani tumemsaidia, kumbe tulimnunulia nafasi ya kushindwa mara ya pili.

Swali la kwanza: Mlango upi umefungwa, na somo gani limeufunga?

Wengi wetu husoma daraja tu. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba bora: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Pointi 26 hadi 33 ni daraja la nne. Lakini vyuo huangalia pia masomo yenyewe.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mwenye B ya Kiswahili, C ya Uraia, D za Kiingereza, Historia, Jiografia na Biolojia, na F za Kemia na Hisabati. Ana pointi 26, daraja la nne. Akitaka Kidato cha Tano, anahitaji angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini. Anazo mbili tu zinazofikia kiwango hicho. Akitaka uuguzi, Kemia inamzuia. Akitaka astashahada ya maendeleo ya jamii, ambako kwa kawaida hudaiwa ufaulu wa masomo manne, hana haja ya kurudia chochote. Cheti ni kile kile, lakini majibu ni matatu. Hivyo basi, kamati isilipie masomo saba pale ambapo somo moja ndilo kikwazo. Kwanza chuo kiulizwe kama kinapokea matokeo ya mitihani miwili yakiunganishwa.

Aidha, wazazi waelezwe kuwa uchaguzi wa Serikali wa Kidato cha Tano huwalenga wanafunzi wa shule waliomaliza mwaka husika. Anayerudia kwa ajili ya Kidato cha Tano ajiandae kwa shule binafsi, na ada yake.

Swali la pili: Kilichomwangusha kimeondoka?

Cheti hakionyeshi mtoto alikosa kwa kiasi gani. D ni alama 30 hadi 44. Mwenye 44 amekosa C kwa alama moja. Mwenye 30 amekosa kwa alama kumi na tano, na wote wameandikiwa D. Kwa sababu hiyo tunashauri kabla ya kulipa, mwalimu ampe mtihani wa mwaka uliopita, chini ya saa, na kuusahihisha bila upendeleo.

Kisha itafutwe sababu. Je, shule haikuwa na mwalimu wa Kemia? Je, alikuwa mgonjwa, au alitembea mwendo mrefu kila siku? Je, tatizo ni Kiingereza, kwa kuwa alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari akakutana na lugha nyingine? Sababu isipoondolewa, mtihani wa pili utakuwa nakala ya wa kwanza. Tena mtahiniwa wa kujitegemea hana alama za maendeleo ya shuleni za kumsaidia. Anategemea mtihani peke yake. Kwa masomo ya sayansi kuna pia mtihani wa vitendo, hivyo kituo anachojiandikisha kiwe na maabara anayoweza kuitumia.

Swali la tatu: Mwaka huo utagharimu nini?

Ada ya mtihani ni sehemu ndogo. Gharama kubwa ni masomo ya ziada, vitabu, taa na muda. Mzazi akubali mbele ya kamati kuwa mtoto atapewa saa za kusoma kila siku. Kama hawezi, heri tuseme ukweli mapema.

Pia tuulize mwaka huo ungeweza kufanya nini kingine. Vyuo vya VETA na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi hufundisha ushonaji, umeme, useremala na ufundi mwingine. Kumpeleka kijana huko si kumtupa. Lakini asipelekwe kama adhabu. Naye aulizwe anataka nini, maana mara nyingi tunazungumza na mzazi huku mtoto ameinamisha kichwa.

Tunaziomba kamati ziambatanishe majibu ya maswali haya matatu na kila ombi. Kwa wafadhili wetu tunasema: mtakapoona jina la mtoto mara ya pili katika orodha, mjue kuwa tumeuliza. Na yule tutakayemwambia asirudie, tusimwache mlangoni. Usharika umsindikize hadi mlango mwingine ufunguke.