Ini la mtoto lipimwe kabla ya dawa ya kolesteroli

KOLESTEROLI nyingi katika damu hudhaniwa kuwa maradhi ya watu wazima wenye vitambi. Hata hivyo, wapo watoto wanaozaliwa na tatizo hilo. Hurithi kwa baba au mama hitilafu inayolizuia ini kuondoa mafuta mabaya katika damu, na wasipotibiwa mishipa ya moyo huanza kuziba mapema.

Lishe bora isipofua dafu, watoto hao huanzishiwa dawa aina ya statini, aghalabu wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 10. Dawa hiyo hupunguza kolesteroli ambayo ini hutengeneza, nalo hulazimika kuivuta iliyomo katika damu. Ini hilohilo ndilo huivunjavunja dawa. Likiwa gonjwa, dawa huweza kurundikana mwilini na kudhuru misuli.

Ndiyo sababu madaktari hupima vimeng'enya vya ini kabla ya tiba na wakati ikiendelea. Vikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, dawa hupunguzwa au kusimamishwa huku chanzo kikitafutwa. Madhara makubwa kwa ini, hata hivyo, ni nadra.

Wakati mwingine ini lenyewe ndilo chanzo. Njia ya nyongo ikiziba, kolesteroli hupanda, na kinachohitaji kutibiwa kwanza ni kizuizi hicho.

Kwa wakazi wa Kitale, kitovu cha kilimo cha mahindi, adui mmoja wa ini ni sumukuvu inayotokana na mahindi yasiyokauka vyema. Mwaka wa 2004, sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Bungoma, ambako malaria huwasumbua watoto, mzazi ajihadhari asizidishe kipimo cha parasetamoli, kwani huunguza ini. Dawa ya erithromaisini nayo huzuia ini kuvunja baadhi ya statini. Mwuza dawa aelezwe mapema.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B, inayotolewa kwa watoto wachanga nchini tangu 2001, ni kinga nyingine.

Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi au misuli ikiuma, mtoto apelekwe hospitalini bila kukawia. Akihitaji mabingwa, Hospitali ya Rufaa ya Moi iko Eldoret. Mtoto asigawiwe vidonge vya babu yake, wala mzazi asikatize tiba kwa uvumi wa jirani.