Kiyama Kisicho na Siku

Katika mambo ambayo kaumu za dunia zimeafikiana bila ya kushauriana, mojawapo ni kuwa mwisho wa ulimwengu utatangazwa kwa sauti. Mtoto wa Kiislamu hufundishwa tangu chuoni kwamba malaika Israfili atapuliza parapanda. Na watu wa Skandinavia ya kale, wasiopata kusikia habari za Israfili, walisimulia kuwa Heimdall, mlinzi wa miungu, atapiga baragumu lake liitwalo Gjallarhorn siku ambayo mbwamwitu Fenrir atakata kifungo chake, na jua likamezwa. Wahindi hawakuwa na pupa hiyo: kwa hisabu yao mchana mmoja wa mungu wao Brahma ni miaka bilioni 4.32, na unapokwisha, viumbe hufunikwa na usiku wa urefu ule ule, kisha huumbwa upya. Lakini wao nao waliuwekea mwisho kipimo, na penye kipimo pana siku.

Elimu ya falaki ya zama zetu imeiondoa siku hiyo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa baina yake na visa vya kale, kuliko hitilafu ya moto na barafu ambayo watu hupenda kuitaja.

Mwaka 1929 Edwin Hubble, akichungua mbingu kutoka mlima Wilson huko California, alidhihirisha kuwa kadiri galaksi ilivyo baidi nasi, ndivyo inavyozidi mbio kutukimbia. Na tangu hapo wataalamu walijadiliana kama mvuto wa maada yote iliyomo ulimwenguni watosha kuuzuia mtawanyiko huo na kuugeuza, hata galaksi zote zikasongamana tena katika moto kama ule wa mwanzo. Jawabu lilitafutwa kwa nyota zilipukazo. Ipo aina ya nyota mfu, ndogo na nzito, ambayo ikinyonya maada ya jirani yake hata uzito wake ukakaribia mara 1.4 ya uzito wa jua, hulipuka kwa mng'ao usiotofautiana sana popote utokeapo. Na mwenye kuijua nguvu ya taa huweza kuukadiria umbali wake, kama mtu aliyesimama pwani usiku ajuavyo, kwa kufifia kwa karabai tu, wavuvi wa dagaa wamefika wapi. Makundi mawili, moja la Saul Perlmutter na jingine la Brian Schmidt na Adam Riess, yaliipima milipuko hiyo yakitarajia kuona mwendo wa mtawanyiko ukipungua. Mwaka 1998 yalitoa habari kuwa milipuko ya mbali ilikuwa hafifu kuliko ilivyotazamiwa, yaani iko mbali zaidi, na kwamba ulimwengu unaongeza mwendo. Kinachousukuma kiliitwa nishati giza, jina ambalo, kusema kweli, hulitaja tatizo bila ya kulieleza, ingawa kitu chenyewe ni kiasi cha asilimia 68 ya vyote vilivyopo.

Ikiwa nishati hiyo haibadiliki, jua letu litazima baada ya miaka bilioni 5 hivi, na hilo si neno. Nyota nyekundu ndogo, zitumiazo hidrojeni yao kwa ubahili, zitaendelea hadi miaka trilioni 100 hivi. Yatasalia mashimo meusi, nayo, kama Stephen Hawking alivyobainisha mwaka 1974, huvuja joto kidogo kidogo mpaka yakatoweka, na yale makubwa kabisa yatahitaji miaka ambayo kuiandika ni kuweka moja na kuifuatisha sufuri 100 hivi. Kisha joto litalingana kila mahali, na joto likilingana hakuna kichemkacho, kiendacho wala kiozacho. Hermann von Helmholtz aliyatabiri hayo mwaka 1854, kabla ya kujulikana hata chanzo cha moto wa jua. Wala hapo mtu hawezi kuonyesha saa akasema ndiyo hii, kwa kuwa kila kitu huukaribia mwisho bila ya kuufikia.

Hata hivyo, katika mlima Kitt Peak, Arizona, chombo kiitwacho DESI, chenye nyuzi 5,000 za kioo ambazo kila moja huelekezwa kwenye galaksi yake, kinachora ramani ya ulimwengu. Na hisabu zake za mwaka 2024 na 2025 zaashiria, ingawa hazijathibitisha, kuwa nishati giza inadhoofika. Udhaifu huo ukiendelea hata nishati yenyewe ikageuka mvuto, basi wale waliokwisha kuufuta msongamano mkuu vitabuni mwao itawabidi wauandike tena, na kuukadiria tarehe.