Kumfundisha mzee simu si kumfundisha vitufe

Miradi ya kuwafundisha wazee kompyuta na simu janja husifiwa siku hizi kwa jambo ambalo hakuna fundi wa kompyuta aliyeliahidi, yaani kuondoa upweke. Sifa hiyo ina ukweli, ila ukweli wenyewe haukai ndani ya mashine. Huko Uholanzi, Karin Slegers na wenzake waliwachukua wazee wenye afya njema, wa miaka 64 hadi 75, wakawagawa kwa bahati nasibu. Baadhi wakapata mafunzo pamoja na kompyuta yenye intaneti nyumbani kwa mwaka mzima. Matokeo yaliyotoka mwaka 2008 hayakuonyesha faida ya kihisia wala madhara. Miaka 10 baadaye, Sara Czaja na wenzake walitoa utafiti wa Marekani uliohusu wazee 300 wa asili mchanganyiko, wote wakiishi peke yao. Kundi moja lilipewa kompyuta iliyorahisishwa, na jingine faili la karatasi lenye taarifa zinazofanana na zile za kwenye kompyuta. Kufikia mwezi wa 6 upweke wa wenye kompyuta ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao, lakini mwaka ulipotimia tofauti hiyo ilikuwa imefifia.

Mimi nayasoma matokeo haya hivi: mafunzo humsaidia mzee aliyepungukiwa na watu, na humsaidia kwa muda ule ambao upande wa pili wa waya kuna mtu wa kumjibu. Kwa Mbeya na Iringa, usomaji huu una uzito wa pekee. Vijana wa Rungwe na Mufindi wametawanyika kwenda Dar es Salaam, Tunduma na kwingineko kutafuta maisha. Tena kuna pengo lililoachwa na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta mkoa wa Iringa na maambukizi ya takriban asilimia 11 kwa watu wazima, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4, na katika miaka kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, wengi waliokufa ndio waliokuwa na umri wa kuwatunza wazazi wao. Bibi anayelea wajukuu huko Kilolo hahitaji kujua jedwali la hesabu kwenye kompyuta. Anahitaji kumpata binti yake aliyebaki, na kuipokea hela anayotumiwa bila mtu mwingine kuishika kwanza.

Hilo la hela linagusa moyo kuliko wapangaji wengi wanavyodhani. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo mzee mwenye kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, anabonyeza *150*00# kama kijana. Orodha inatokea kwa herufi ndogo, naye anasogeza simu mbali na macho asome taratibu. Kabla hajachagua, mtandao umeshaikata huduma kwa kuchelewa, na inabidi aanze upya. Baada ya kukatwa mara kadhaa humkabidhi mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Kuanzia hapo salio lake linajulikana na nyumba nzima, na kila shilingi isiyoonekana inazaa shaka baina ya watu wanaopendana. Kinachofundishwa hapa kwa jina la teknolojia ni heshima ya mzee kwa mali yake, na sioni mada nyingine inayostahili kuitangulia darasani.

Kuna wanaosema mchanganyiko wa makabila utalikwamisha darasa la namna hii. Jijini Mbeya pekee, Msafwa anaishi jirani na Mnyakyusa, Mndali, Mnyiha na Mkinga, na si kila bibi anasoma Kiswahili kwa wepesi. Hoja ina msingi kwenye maandishi, lakini inapoteza nguvu mara tu tunapogeukia sauti. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauna lugha rasmi: unabana alama ya kipaza sauti, unaongea Kihehe au Kinyakyusa, unaachia, umekwenda. Maelekezo yatolewe kwa Kiswahili, mazoezi kila mtu afanye kwa lugha ya nyumbani kwake. Na kukaa benchi moja wiki baada ya wiki na watu wasio wa ukoo wako ni sehemu ya tiba yenyewe. Nchi hii iliwahi kulifanya hilo kwa kiwango kikubwa: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na kisomo cha ngumbaro, yaani madarasa ya watu wazima, kiliwaweka babu na mkwewe darasa moja.

Pingamizi zito zaidi ni matapeli. Nani hajapokea ule ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”? Ni kweli kwamba mzee aliyeingizwa mtandaoni bila kinga ameongezewa maadui. Lakini wazee walishaingizwa. Hata malipo ya TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini, yamekuwa yakihamishiwa kwenye simu na benki. Kumnyima mzee mafunzo hakumtoi hatarini, kunamwacha humo akiwa peke yake, tena akiona aibu kusimulia alichoibiwa. Gharama nayo ipo, maana bando na simu janja si vitu vya bure. Ndiyo maana simu moja ya kikundi, ikitunzwa na baraza la wazee la kijiji, inatosha kuanzia.

Halmashauri za Mbeya na Iringa zinapopanga bajeti, fedha ya kujaza chumba kompyuta ziielekeze kwa mwalimu atakayerudi kila wiki kwa mwaka mzima, na orodha yake ya wanafunzi ianze na wazee wanaoishi peke yao.