KUPIMA KINA CHA MAJI KWA UZITO WAKE

Akina mama na akina baba wa madarasa ya kisomo, nazungumza nanyi kutoka Itigi, penye reli na vichaka, mahali ambapo mgeni huulizwa habari za maji kabla ya habari za shamba. Mwalimu wa darasa, tafadhali uwe na kopo tupu, msumari na ndoo ya maji. Tutavihitaji sasa hivi.

Sisi wa huku tukitaka kujua kisima kina maji kiasi gani, twashusha kamba yenye jiwe. Jiwe likigusa chini twaivuta kamba, kisha twapima sehemu iliyolowa. Njia hiyo ni nzuri, wala siidharau. Lakini iko njia nyingine, nayo ni kuyauliza maji yenyewe yana uzito gani.

Njia hiyo hutumiwa na vijana wa shule na vyuo wanaojitengenezea vyombo vya kwenda chini ya maji. Huunga mabomba ya plastiki, wakatia mota ndogo za kuzungusha mapanga, wakafunga waya mrefu. Mwendeshaji hukaa ukingoni, naye hakioni chombo chake, kwa maana maji yana tope. Atajuaje kimeshuka meta mbili au tano?

(Hapa mwalimu wa darasa atoboe kopo kwa msumari, tundu moja karibu na mdomo, jingine karibu na kitako. Aliinue kopo na kulijaza maji.)

Mmeona? Tundu la juu latoa maji kwa unyonge, la chini latoa kwa nguvu. Sababu ni kwamba maji ya chini yamebeba maji yote yaliyo juu yake, kama gunia la chini katika rundo la magunia. Nguvu hiyo huitwa mgandamizo.

Sasa tufanye hesabu. Fikirini bomba jembamba ambalo tundu lake ni sentimeta moja ya mraba, yaani karibu sawa na ukucha wa kidole. Lisimamisheni, urefu wake meta 10, mlijaze maji. Litaingia lita moja tu, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi kwenye kina cha meta 10, kila mahali penye ukubwa wa ukucha hubeba kilo moja ya maji. Kwenye kina cha meta moja hubeba gramu 100.

Hesabu hiyo ni ile ile katika kisima na katika ziwa. Ukipanda treni hapa Itigi ukapita Tabora ukafika Kigoma, utaliona Ziwa Tanganyika. Mahali penye kina kikubwa kabisa pana meta 1,470 hivi. Huko chini, juu ya ukucha mmoja, pana kilo 147, karibu gunia moja na nusu la mahindi! Katika bahari uzito huzidi kidogo kwa sababu ya chumvi: lita moja ya maji ya bahari huzidi kilo moja kwa gramu 25 hivi.

Chombo kidogo kinachopima mgandamizo huitwa kihisi. Ndani yake mna ngozi nyembamba sana, si ya mnyama, bali ya madini. Maji yakiisukuma, hupinda kidogo. Ikipinda, umeme unaopita ndani yake hubadilika, na kompyuta ndogo huyageuza mabadiliko hayo kuwa tarakimu. Kila gramu 100 juu ya sentimeta ya mraba huandikwa meta moja.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo wengi hukosea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nililetewa kihisi kilichorekebishwa Dar es Salaam, kikaandikwa sifuri huko pwani. Nilikiweka mezani hapa Itigi, kikavu kabisa. Kikaandika pungufu ya sifuri kwa meta 1.4. Nikadhani kimeharibika njiani. Kumbe hakikuharibika, mimi ndiye niliyesahau hewa.

Hewa nayo ina uzito. Mfaransa Blaise Pascal alitaka kulithibitisha jambo hili. Tarehe 19 Septemba 1648, shemeji yake, Florin Périer, alipanda mlima wa Puy de Dôme na bomba la zebaki. Kadiri alivyopanda, zebaki ilishuka, maana juu ya mlima hewa iliyobaki ya kuikandamiza ni chache zaidi. Ndiyo maana kipimo cha mgandamizo huitwa paskali mpaka leo.

Itigi iko zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Pwani, hewa hukandamiza kila ukucha kwa kilo moja na kidogo. Hapa kwetu hupungua kwa gramu 140 hivi, sawa na maji ya meta 1.4. Kihisi cha pwani hudhani upungufu huo ni wa maji.

Je, kosa hilo lina hasara? Ndiyo. Kisima chenye maji ya meta tatu kitaandikwa meta 1.6, na watu wataambiwa maji yanakwisha. Chombo kilichoamriwa kisimame meta mbili chini kitashuka mpaka meta 3.4, kikajichimbia topeni.

Tazameni visima vya Makutapora, vinavyoupatia mji wa Dodoma maji. Vipimo vya maji yake vimeandikwa tangu miaka ya 1950. Wataalamu walipovisoma, waliona maji ya chini ya ardhi hayapandi sana kila mwaka, bali katika miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Jambo hilo lisingejulikana kama vipimo visingekuwa vya kuaminika.

Basi shikeni kanuni hii: kabla ya kupima maji, pima hewa. Kishike kihisi juu ya kisima, kikiwa kikavu. Andika tarakimu yake, kisha kitumbukize mpaka chini. Toa tarakimu ya kwanza katika ile ya pili. Rudia kila siku, maana hata kutwa moja hewa hubadilika: saa nne asubuhi huwa nzito kuliko saa kumi jioni, na tofauti yaweza kufika sentimeta tatu au nne za maji.

Na ile kamba yenye jiwe msiitupe. Siku ya kwanza pimeni kwa njia zote mbili. Zikipatana, mna hakika.

Swali la kujadiliana: kihisi kikiwa hewani chaandika pungufu ya sifuri kwa meta 1.4. Ndani ya kisima, kwenye sakafu, chaandika meta 2.1. Kina cha maji ni meta ngapi? Andikeni hesabu yenu daftarini. Tutaisahihisha pamoja katika somo lijalo.